Kibao kilikuwa mahali pake, foleni haikuwa: kisa cha kiungo kipya cha barabara na reli nje ya Lubumbashi

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea pembezoni mwa barabara ya taifa namba 1, nje ya Lubumbashi, mahali ambapo depo ya kuhamishia shehena kutoka kwenye malori kwenda kwenye treni iliunganishwa na barabara kuu kwa njia mpya ya changarawe. Majina ya watu, kijiji, depo na kampuni zilizohusika yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimebadilishwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Mimi nilisimamia mpango wa alama za barabarani katika ofisi iliyopewa kazi hiyo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa yatakayotajwa ni ya upande wangu.

Usuli

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 ikitokea kusini, na hadi leo upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli ya Zambia, ile ya Benguela inayokwenda bandari ya Lobito nchini Angola, na ile ya TAZARA inayotoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam. Kwenye karatasi, behewa lililopakiwa shaba katika ukanda wetu linaweza kufika bahari ya mashariki au ya magharibi bila mzigo kuguswa. Kwa kweli, sehemu kubwa ya shaba na kobalti imekuwa ikisafiri kwa malori kupitia Kasumbalesa, kituo cha mpakani na Zambia, na yeyote aliyewahi kupita njia hiyo anajua urefu wa foleni zake. Tangu uendeshaji wa reli ya Lobito ulipokabidhiwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2023, hamu ya kurudisha mzigo relini imeongezeka, na depo ndogo ndogo za kuhamishia shehena zimeanza kufikiriwa mahali ambapo zamani palikuwa na magugu na vichuguu tu.

Mambo mawili ya eneo hili yanapaswa kueleweka kabla ya kuendelea. La kwanza ni kwamba barabara na reli havivuki mpaka mahali pamoja: malori hupita Kasumbalesa, treni hupita Sakania. Wanaopanga safari za malori na wanaopanga safari za treni hukaa katika ofisi tofauti, husoma ratiba tofauti, na mara nyingi hawajuani hata kwa sura. La pili ni kwamba Kongo tunaendesha upande wa kulia, ilhali Zambia na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto. Malori mengi yanayopita barabara namba 1 yametoka kwa majirani hao, na usukani wake uko kulia. Jambo hili la pili lilitupa kazi ambayo hatukuitegemea, kama itakavyoonekana.

Depo yenyewe ilijengwa upande wa pili wa reli. Lori likitoka barabara kuu lilipaswa kufuata njia mpya kwa takriban mita 480, kuvuka reli, kisha kuingia getini. Katika sehemu hiyo reli kuu ina waya wa umeme wa kilovolti 25 juu yake. Ndani ya depo kulikuwa na reli moja ya pembeni ya kupakilia, na mwisho wake, upande ulio mbali na kivuko, kipande cha reli ambacho tulikiita reli ya kugeuzia: injini huvuta mabehewa kuingia humo, swichi ya kuelekeza treni kwenye reli nyingine hubadilishwa, kisha huyasukuma kurudi kwenye mstari mwingine. Mchoro wa kwanza ulikipa kipande hicho mita 300. Kilijengwa cha mita 150. Msomaji akumbuke namba hizo mbili.

Kwa nini reli ilifupishwa

Mita 150 zilizokatwa zingepita katika shamba la mahindi la familia moja, na mwisho wa shamba hilo kulikuwa na makaburi mawili. Chifu wa kijiji aliketi nasi mara tatu. Hakuwa mkaidi, alisema tu kwamba mahindi yana bei, lakini kaburi la mama wa mtu halina bei ya kuandikwa kwenye risiti, na kwamba familia ingehitaji muda wa kuulizana. Mradi haukuwa na muda. Mhandisi wa reli akafanya hesabu: behewa la aina iliyotarajiwa lina urefu wa mita 13 hivi, treni za depo zitakuwa na mabehewa 10, kwa hiyo mita 150 zinatosha mabehewa na injini yake. Reli ikafupishwa, shamba likabaki, makaburi yakabaki, na kila mtu akatoka kikaoni ameridhika.

Mpaka leo naona uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa familia. Ila ulibeba sharti ndani yake, kwamba treni isizidi mabehewa 10, na sharti hilo halikuandikwa popote. Lilibaki katika daftari la mhandisi na katika vichwa vya watu wanne waliokuwepo.

Mpango wa alama

Upande wetu tulifanya kazi kwa bidii, na sehemu yake nzuri sitaificha. Kanuni ya barabara inayotumika nchini ni sheria ya mwaka 1978, na alama zenyewe hufuata mfumo wa kimataifa ambao madereva wengi wanaufahamu: pembetatu yenye ukingo mwekundu na picha ya uzio kwa kivuko chenye kizuizi, vibao vyembamba vyenye mistari mitatu, miwili na mmoja kuhesabu umbali uliobaki, na msalaba wa umbo la X karibu kabisa na reli. Tuliweka pembetatu mita 150 kabla ya reli pamoja na kibao cha mistari mitatu, cha mistari miwili mita 100, cha mmoja mita 50. Mbele ya kivuko tuliweka fremu ya chuma ya kupimia kimo, ili lori lililobeba mtambo mrefu ligonge mnyororo kabla halijagusa waya.

Jaribio lililotufundisha zaidi lilikuwa la kibanda cha dereva. Tulikuwa tumekagua kivuko kwa pikapu yetu yenye usukani kushoto, tukaona reli pande zote mbili bila taabu, na mimi nikaandika kwamba alama ya STOP peke yake ingetosha. Mwenzangu mmoja, ambaye baba yake aliendesha malori miaka mingi, akasema tusitie sahihi kabla hatujapanda lori la Zambia. Tulimwomba dereva mmoja aliyekuwa akipumzika kando ya barabara, naye akatukubalia kwa chupa mbili za soda. Njia yetu ilikatiza reli kwa mshazari, hivi kwamba treni iliyotoka upande wa mji wa Likasi ilimjia dereva kutoka kushoto na nyuma kidogo. Nikiwa nimeketi kwenye kiti chake, upande wa kulia, niligeuza shingo kutazama kushoto: nikaona kiti cha abiria, koti lililotundikwa, ukuta wa kitanda cha nyuma, na kipande cha dirisha kisichozidi upana wa sahani. Reli sikuiona kabisa.

Tukapiga hesabu palepale kwenye karatasi. Lori la mita 22 lililosimama mita 4 kabla ya reli linapaswa kusogea takriban mita 31 ili mkia wake uwe salama ng'ambo. Likiwa na mzigo kamili huongeza mwendo polepole sana, na kwa kadirio letu hutumia sekunde 12 hivi, ukiongeza sekunde 3 za dereva kutazama na kuamua. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita karibu mita 170 katika sekunde hizo 15. Dereva alipaswa kuona mita 170 za reli, naye alikuwa anaona koti lake. Hapo ndipo tulipoacha wazo la STOP pekee na kudai kizuizi chenye mlinzi, na mwenye mradi, baada ya kunung'unika kuhusu mishahara, akakubali.

Suala la maandishi lilikuwa jepesi zaidi. Jina rasmi la depo lilikuwa la Kifaransa na refu, na hakuna dereva aliyelitumia. Wote waliita mahali pale kwa jina la mti mkubwa ulio kwenye njia panda. Tuliandika jina la mti kwa herufi kubwa, jina rasmi chini yake kwa herufi ndogo, na maneno ya onyo kwa Kiswahili na Kifaransa. Kuhusu wizi, kila mtu wa Lubumbashi anajua kwamba bati zuri halikai barabarani: litageuka mbabula, yaani jiko la mkaa, au sufuria kabla ya mwezi kwisha. Vibao vyetu vilitobolewa vishimo vingi vidogo visivyoharibu usomaji lakini vinavyomkatisha tamaa mfua bati, na nguzo zikawa za zege.

Mlolongo wa matukio

Depo ilifunguliwa mwezi Agosti. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda kama yalivyochorwa: treni ya mabehewa 10 iliingia, ikageuziwa ndani, kivuko kikafungwa dakika 4 hivi wakati inapita, malori matatu au manne yakasubiri, kizuizi kikainuliwa.

Mwezi Novemba upande wa mizigo, yaani wanaopanga safari za treni, ulibadilisha mpango wake, na sababu ilikuwa ya maana. Injini ilipatikana siku chache kwa wiki kuliko ilivyotarajiwa. Ikija kwa nadra, ni hasara kuivutisha mabehewa 10 ilhali ina nguvu za kuvuta 20. Behewa la kawaida hapa hubeba tani 40 hivi, kwa hiyo safari moja ingeondoa tani 800 badala ya 400, na hizo 400 za ziada ni mzigo wa malori zaidi ya kumi. Barua ya ukurasa mmoja ikatumwa kwa msimamizi wa depo. Kwetu sisi wa alama haikuletwa nakala, wala hapakuwa na utaratibu wowote uliotaka iletwe.

Mabehewa 20 ni mita 260. Hayaingii katika reli ya mita 150. Kwa hiyo injini ilianza kufanya kazi kinyume: iliyakata mabehewa katikati, ikavuta nusu kuelekea upande wa pili, yaani juu ya kivuko, ikasimama hapo huku nusu nyingine ikipangwa, ikarudi, ikavuta tena. Dakika 4 zikawa 20. Siku nyingine kivuko kilifungwa mara mbili mfululizo.

Malori nayo hayaji moja moja kama matone ya bomba. Karatasi za migodini husainiwa asubuhi, kwa hiyo saa 4 hadi saa 5 asubuhi yanafika kwa mkupuo, karibu moja kila dakika. Kila lori katika foleni huchukua mita 25 pamoja na nafasi ya mbele yake. Malori 20 kwa mita 25 ni mita 500, na njia yetu kutoka barabara kuu hadi relini ilikuwa na mita 480. Hesabu hii ingeweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano, na hakuna aliyeifanya.

Wiki ya tatu ya mpango mpya, asubuhi moja baada ya mvua, trela la mwisho katika foleni lilibaki limetokeza sehemu ya nyuma kwenye lami ya barabara namba 1. Mita mia mbili na kitu kabla ya hapo barabara inapinda, na ndani ya ule mpindo kulikuwa na kichuguu kikubwa chenye kimo cha nyumba, chenye miti juu yake, ambacho kilificha njia panda yote. Lori lililobeba chokaa kutoka upande wa Kasumbalesa likatoka kwenye mpindo likiwa nyuma ya wauza makala (mkaa) watatu, kila mmoja akisukuma baiskeli, au kinga kama tunavyosema nyumbani, yenye magunia yaliyopita kichwa chake. Dereva aliliona trela kwa kuchelewa. Alikuwa na chaguzi tatu, na katika nusu sekunde alichagua mtaro.

Hakuna aliyekufa. Muuza makala mmoja aligongwa na gunia la mwenzake lililorushwa, akavunjika mkono. Magunia ya chokaa yalipasuka na unga mweupe ukamwagika kwenye tope jekundu. Ilikuwa chokaa isiyozimwa, na palipokuwa na maji ikaanza kuchemka na kutoa mvuke, hata watu waliokimbilia kusaidia wakadhani lori linaungua. Mlinzi wa kizuizi, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye tanuri la chokaa ujanani, ndiye aliyewafukuza watoto wasiguse magunia kwa mikono mitupu, na ndiye aliyewaambia wamsogeze majeruhi upande ule upepo unakotoka.

Nilifika mchana. Nilitembea na yule mzee kutoka relini hadi njia panda, nikimwonyesha kwa fahari kidogo kwamba vibao vyote viko mahali pake, havijaibwa, vinasomeka. Akanisikiliza hadi tulipofika mwisho, akasema: "Mwanangu, vibao vyako vinaniambia mimi kwamba reli iko hapa. Mimi najua iko hapa. Yule anayekuja kule nyuma ndiye hajui kitu, na yeye hukumwandikia."

Maamuzi yaliyofuata

Wiki ileile tuliketi, kwa mara ya kwanza, watu wa alama na watu wa mizigo katika chumba kimoja. Mapendekezo yalikuwa manne.

Upande wa mizigo ulitaka mabehewa yapangwe usiku, wakati malori ni machache. Tulikataa. Wauza makala huanza safari zao saa 9 au 10 usiku ili wawahi soko, hawana taa, na mlinzi wa kizuizi alikuwa wa mchana tu. Isitoshe, injini inayosimama saa nzima gizani na mabehewa ya shaba nyuma yake ni mwaliko ambao sote tulijua nani angeuitikia.

Sisi tulitaka treni zirudi kuwa na mabehewa 10. Wakakataa kwa hoja iliyokuwa na uzito sawa na yetu: treni za mabehewa 10 kwa injini iliyopatikana siku chache zingeacha mzigo ukirundikana depo, na mzigo uliorundikana hurudi barabarani kwa malori. Tungekuwa tumeokoa kivuko na kuharibu sababu ya kukijenga.

Pendekezo la tatu, kurefusha reli ya kugeuzia kama ilivyochorwa mwanzo, lilikubaliwa na wote na halikuweza kutekelezwa mwaka ule.

Likabaki la nne, ambalo halikumfurahisha mtu yeyote kikamilifu. Mabehewa 20 yangekatwa mara mbili katika stesheni iliyotangulia, yakaletwa kumi kumi. Hilo linaongeza muda wa injini lakini linaondoa kusimama juu ya kivuko. Kwa siku ambazo stesheni ile haina nafasi, treni ingekuja nzima, ila kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 8 mchana. Kando ya njia yetu, karibu na barabara kuu, paliandaliwa uwanja wa kusubiria wa malori 15, na mshika bendera akawekwa kwenye njia panda, mwenye amri ya kulizuia lori lolote lisiingie njiani uwanja ukijaa.

Alama nazo zilihama. Pembetatu ya kwanza haikuhesabiwa tena kutoka relini. Ilihesabiwa kutoka mahali ambapo mkia wa foleni ungeweza kufika siku mbaya kuliko zote, kisha tukarudi nyuma umbali wa dereva kuona, kuelewa na kusimamisha lori lenye mzigo kwenye lami iliyolowa. Hivyo ikaangukia kwenye barabara namba 1 yenyewe, kabla ya mpindo, pande zote mbili, ikiwa na kibao cha chini kilichoandikwa "Foleni ya malori" na umbali wake. Vibao vya mistari vilibaki pale relini kwa sababu kazi yake ni nyingine.

Kichuguu kilitutia wasiwasi wa bajeti kwa siku mbili, hadi mama mmoja anayechoma matofali jirani alipouliza kama anaweza kuchukua udongo wake. Udongo wa kichuguu ndio bora kwa tofali. Vijana wake walikimaliza kwa wiki tatu, nasi hatukulipa hata faranga moja.

Matokeo

Katika miezi sita niliyofuatilia baada ya hapo, foleni haikufika tena barabara kuu. Uwanja wa kusubiria ulijaa mara chache, na mara hizo mshika bendera alifanya kazi yake. Vibao viwili tu viliibwa, vyote vya muda, vile ambavyo hatukuvitoboa kwa sababu tulikuwa na haraka. Treni ziliendelea kuja na mabehewa 20, zikikatwa mara mbili, na watu wa mizigo hawakuacha kulalamika, kwa haki, kwamba injini inapoteza saa nzima stesheni.

Madereva wa kigeni walipokea uwanja wa kusubiria vizuri kuliko tulivyodhani. Katika wiki chache akina mama walikuwa wameweka majiko yao pale, bukari na sombe (ugali na kisamvu) vikiuzwa, na lori lililokuwa likishindana kuingia kwanza sasa linachagua kusubiri. Hilo halikuwa katika mpango wa mtu.

Uchambuzi

Yaliyofanya kazi yalikuwa na sifa moja: yalijaribiwa kwenye mwili wa jambo lenyewe. Kibanda cha dereva, jina la mti, vishimo vya kibao, vyote vilitokana na mtu aliyekwenda kuketi, kuuliza au kukumbuka jinsi watu wanavyoishi na bati. Kama tusingepanda lori lile, pale kivukoni pangekuwa na alama ya STOP peke yake, na kisa ambacho ningekuwa naandika sasa kingekuwa na vifo ndani yake.

Kosa halikuwa katika alama yoyote iliyosimamishwa. Ukipeleka mkaguzi leo na mchoro wetu wa kwanza, atapima mita 150, mita 100 na mita 50, na ataweka alama ya vema kila mahali. Kosa lilikuwa kuichukulia hatari kama kitu kisichohama. Reli haihami, kwa hiyo tulidhani onyo lake nalo lina mahali pa kudumu. Lakini katika kivuko kinachohudumia depo, hatari ya kwanza ambayo dereva anakutana nayo ni lori lililosimama mbele yake, na lori hilo husimama karibu au mbali kulingana na muda ambao kizuizi kimeshuka, na muda huo hutokana na urefu wa treni, na urefu wa treni huamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuona kibao chetu. Kwa maneno mengine, aliyehamisha mahali pa hatari kwa mita mia tatu na zaidi alifanya hivyo kwa kuandika namba 20 mahali palipokuwa na 10, bila nia mbaya na bila kuvunja agizo lolote.

Wenzangu kadhaa wamesema kwamba barua ile ingeletwa kwetu, ajali isingetokea. Sina uhakika na hilo, na nadhani tunajipendelea. Ingenifikia mwezi Novemba, ningeisoma kama habari ya mizigo na kuiweka kwenye faili. Sikuwa na hesabu yoyote ambamo urefu wa treni ni kiungo, kwa hiyo namba mpya isingegonga kitu chochote mezani kwangu. Kilichokosekana ni zaidi ya nakala ya barua: ni mstari mmoja katika mchoro wa alama ambao ungesema "vipimo hivi ni halali kwa treni isiyozidi mabehewa 10 na kizuizi kisichoshuka zaidi ya dakika 5". Mstari huo ungemlazimisha msimamizi wa depo kusimama pale alipopokea barua.

Sharti la mabehewa 10 lenyewe lilizaliwa katika kikao cha chifu, na hapa ndipo ninapoona somo la kazi yetu lililo gumu zaidi kulipokea. Tulipunguza reli ili tusiguse makaburi, tukahesabu kwamba tumelipa gharama yote kwa kukubali reli fupi. Gharama haikuishia hapo. Ilihama kutoka shambani ikaenda kwenye ratiba ya treni, kutoka ratiba ikaenda kwenye foleni, na mwisho ikalipwa na muuza makala ambaye hakuwahi kuketi katika kikao chochote. Sisemi kwamba shamba lingechukuliwa. Nasema kwamba kila mita iliyokatwa ilipaswa kuandikwa kama kikomo, kwa lugha ambayo mtu wa mizigo atakayekuja baadaye, asiyemjua chifu wala mhandisi, angeielewa bila kuuliza.

Kuna jambo ambalo bado tunabishana. Mhandisi wa reli anaona kwamba mshika bendera ni aibu ya kitaalamu, kwamba mpango mzuri hautegemei mtu mwenye kitambaa chekundu kando ya barabara. Mimi sikubaliani naye kikamilifu. Taa za onyo zinazowaka zenyewe zingehitaji umeme usiokatika na nyaya zisizoibwa, navyo vyote viwili ni adimu pale. Mtu anayeona mkia wa foleni kwa macho yake ana habari ambayo kibao hakina. Ila hoja yake ina nguvu upande mmoja: mshika bendera hakuwekwa kwenye bajeti ya kudumu. Analipwa kutoka fungu la dharura linalopitiwa upya kila baada ya miezi mitatu, na fungu la dharura lina tabia ya kusahau dharura yake mara mambo yanapotulia.

Reli ya kugeuzia bado ni ya mita 150. Familia imekwisha kuulizana, na jibu lao lilikuwa la kushangaza kwa upole wake: makaburi hayatahamishwa, lakini reli inaweza kupita kando yake kwa umbali wa hatua ishirini, mradi mahindi ya msimu mmoja yalipwe. Mchoro mpya wenye mpindo umekamilika, na safari hii una mstari wa mabehewa na dakika pembeni. Fedha zake hazijatengwa.

Kwa sasa mawasiliano kati ya relini na njia panda yanafanywa kwa simu. Mzee wa kizuizi humpigia mshika bendera kila treni inapokaribia, mara sita au saba kwa siku, na unite, yaani salio la simu, anazinunua kwa fedha zake mwenyewe. Ombi lake la kurudishiwa liko kwenye meza ya msimamizi wa depo tangu mwezi Machi.